Kutafuta gluino katika migongano ya protoni kwa data huria za CMS

Supasimetri, nadharia inayoipa kila chembe mwenza, imetafutwa kwenye LHC, kigonganishi kikubwa cha protoni cha CERN, tangu migongano ya kwanza ya TeV 7 mwaka 2010, na hadi sasa haijaonekana. Mpaka umesogezwa mbali: kwa mifano rahisi ya kuvunjika, ATLAS na CMS, vitambuzi viwili vikubwa vya LHC, zimeshaiondoa gluino (mwenza wa gluoni) yenye tungamo la chini ya takriban TeV 2.2 hadi 2.4, mradi neutralino, mwenza asiye na chaji anayetokana na kuvunjika kwake, iwe nyepesi. Mwongozo huu unaeleza jinsi utafutaji huo unavyofanywa, kwa data ambazo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuzifungua. Unahitaji fizikia ya mwaka wa pili wa chuo, Python ya kutosha kuchora histogramu, na kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 16. Unahitaji pia subira, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ni kuhesabu vitu ambavyo havihusiani na supasimetri hata kidogo. Anayeruka sehemu hiyo hupata "ugunduzi" ndani ya wiki moja, na ugunduzi huo huwa ni hesabu mbovu ya usuli, yaani matukio ya kawaida yanayofanana na ishara.

Unachokitafuta

Supasimetri inaipa kila chembe mwenza anayetofautiana nayo kwa nusu ya spini. Gluoni ina gluino, kwaki ina skwaki, na wenza wa fotoni, Z na Higgs huchanganyika kuwa neutralino. Ikiwa R-pariti, namba inayotofautisha chembe za kawaida na wenza wao, inahifadhiwa, wenza hawa huzaliwa wawili wawili, na ile iliyo nyepesi kuliko zote, ambayo kwa kawaida huchukuliwa kuwa neutralino ya kwanza, haivunjiki tena. Inapenya kitambuzi bila kuacha alama. Ndiyo maana inatajwa kila mara panapozungumzwa maada ya giza.

Tunaanza na gluino kwa sababu inazalishwa na nguvu kali ya nyuklia, hivyo inatokea mara nyingi kuliko wenza wengine wenye tungamo hilohilo. Katika migongano ya TeV 13, jozi za gluino zenye tungamo la TeV 1 zina uwezekano wa kutokea wa karibu pikobani 0.38 (pikobani ni kizio cha uwezekano huo, na femtobani ni sehemu yake ya elfu). Kwa TeV 1.5 unashuka hadi karibu femtobani 15, na kwa TeV 2 hadi karibu femtobani 1. Zidisha kwa luminositi iliyokusanywa, yaani kipimo cha wingi wa migongano, upate idadi: kwa femtobani kinyume 16.4 (kizio cha luminositi), ambazo ndizo utakazotumia hapa, gluino za TeV 1.5 zingekuwa jozi 250 hivi, na za TeV 2 jozi 16. Katika data hizohizo kuna jozi za kwaki t zipatazo milioni 13.6. Weka namba hizi mezani kwako.

Chukua mfano mmoja tu kwa kuanzia: kila gluino inavunjika kuwa kwaki b, antikwaki b na neutralino. Kwenye kitambuzi utaona jeti (vifungu vya chembe vinavyotokana na kwaki au gluoni) nne au zaidi, nyingi zikiwa na alama ya b, yaani zimetambuliwa kuwa za kwaki b, pamoja na momenta ya mkingamo iliyopotea, ambayo kwa kifupi huitwa MET. Mantiki ya MET ni hii: kabla ya mgongano protoni hazina momenta inayokingama na mkondo, kwa hiyo jumla ya momenta za mkingamo baada ya mgongano lazima iwe sifuri. Ukijumlisha kila kilichoonekana na jumla ikagoma kuwa sifuri, kuna kitu kimeondoka bila kuonekana, au kuna kitu kimepimwa vibaya. Usitumie hoja hiyo kwa momenta inayofuata mkondo wenyewe. Kinachogongana ni kwaki na gluoni zilizo ndani ya protoni, na hakuna ajuaye kila moja ilibeba sehemu gani ya nishati.

Data

LHC ni duara la kilomita 27 chini ya ardhi mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. CMS iko upande wa Ufaransa, Cessy. Makundi ya protoni hupishana kila nanosekunde 25, yaani mara milioni 40 kwa sekunde. Hakuna diski inayoweza kubeba yote hayo. Hatua ya kwanza ya triga, mfumo unaoamua papo hapo tukio lipi lihifadhiwe, hubakiza matukio yapatayo 100,000 kwa sekunde, na ya pili karibu 1,000. Lililokataliwa na triga limepotea milele, kwa hiyo swali la kwanza kuhusu ishara yoyote ni kama triga ingeikubali.

Nenda kwenye opendata.cern.ch, tafuta data za CMS za mwaka 2016, vipindi G na H, katika muundo wa NanoAOD, ambao ni majedwali madogo yaliyo tayari kuchambuliwa. Chukua seti iitwayo MET kwa ajili ya utafutaji wenyewe, SingleMuon na SingleElectron kwa maeneo ya udhibiti (yasiyo na ishara, ya kupimia usuli), na JetHT kwa kuchunguza jeti zilizopimwa vibaya. Pakua pia orodha rasmi ya vipande vya data vilivyothibitishwa, ambayo ni faili ya JSON. Ukiisahau utaingiza saa ambazo sehemu ya kitambuzi ilikuwa imezimwa, na kitambuzi chenye tundu hutengeneza MET bandia kwa wingi. Tukio moja linaweza kuwemo katika seti mbili kwa wakati mmoja. Ukiunganisha seti, ondoa nakala kwa kulinganisha namba ya zamu ya kukusanya data (run), namba ya kipande na namba ya tukio.

Huna haja ya kupakua kila kitu. Maktaba ya uproot inaweza kusoma faili kupitia mtandao kwa itifaki ya XRootD na kuchukua safu unazozihitaji tu: Jet_pt, Jet_eta, Jet_phi, Jet_jetId, Jet_btagDeepFlavB, MET_pt, MET_phi, safu za elektroni na myuoni, alama za triga, na zile zinazoanza na Flag_. Soma matukio 100,000 kwa mkupuo. Andika matokeo yaliyochujwa kwenye diski yako mara moja, ili usirudie safari ndefu ya mtandao kila unapobadilisha rangi ya mchoro.

Pakua pia matukio ya kuigwa ya usuli: kwaki t jozi, kwaki t moja moja, W na jeti, Z kwenda nyutrino na jeti, Z kwenda leptoni na jeti, fotoni na jeti, na jeti tupu za nguvu kali, ambazo wenye kazi huziita QCD. Kila sampuli ipewe uzani: uwezekano wa kutokea, mara luminositi, mara genWeight (uzani uliotolewa na programu ya kuiga) ya tukio, gawanya kwa jumla ya genWeight za sampuli nzima. Jumla hiyo isome kwenye mti wa Runs, safu ya genEventSumw. Kosa linalojirudia ni kugawa kwa idadi ya matukio yaliyobaki baada ya kuchuja, au kwa idadi ya mistari ya faili wakati baadhi ya uzani ni hasi. Kosa la pili ni kujumlisha sampuli ya W ya jumla na sampuli za W zilizokatwa kwa vipande vya HT (jumla ya momenta za mkingamo za jeti); hapo unahesabu jeti zilezile mara mbili. Ukiona usuli umeizidi data kwa mara mbili kamili katika MET kubwa, anza kukagua hapo.

Kuiga ishara

Kwa gluino tumia MadGraph5_aMC@NLO (huiga mgongano wenyewe) pamoja na Pythia 8 (huongeza jeti na kuvunjika kwa chembe) na Delphes (huiga kitambuzi). Amri ni fupi:

import model MSSM_SLHA2
generate p p > go go
add process p p > go go j
output gluino
launch

Katika kadi ya uendeshaji weka nishati ya kila mkondo kuwa GeV 6500. Katika kadi ya vigezo, chembe 1000021 ni gluino na 1000022 ni neutralino ya kwanza. Ziwekee tungamo, mfano 1500 na 100. Wenza wengine wote wapandishe hadi GeV 100,000 ili wasiingie njiani. Kisha andika jedwali la kuvunjika kwa gluino: upana wa GeV 1, na njia moja tu, asilimia 100, kwenda 5, -5 na 1000022. Ukiacha upana kuwa sifuri, gluino haitavunjika, na utapata matukio yasiyo na jeti za b bila ujumbe wowote wa kosa. Fungua tukio moja la kwanza ulisome kwa macho kabla ya kuzalisha 50,000.

Jeti ya ziada kwenye amri ya tatu si pambo. Neutralino ikiwa nzito karibu sawa na gluino, jeti za b zinakuwa dhaifu na neutralino mbili zinasawazishana. MET inaonekana tu pale jeti nzito ya kabla ya mgongano inapousukuma mfumo mzima upande mmoja. Kwa kuwa Pythia nayo huongeza jeti zake, washa ulinganishaji wa MLM, unaozuia jeti moja kuhesabiwa mara mbili, kisha chora mgawanyo wa kipimo cha jeti ya kwanza. Mstari uwe laini. Ukivunjika kama ngazi pale kwenye kizingiti, badilisha kizingiti.

Uwezekano wa kutokea usiuchukue kutoka MadGraph. Hesabu yake hapa ni ya ngazi ya kwanza tu na huwa chini ya ile kamili. Tumia majedwali ya kikundi cha LHC cha hesabu za supasimetri, yenye NNLO ya makadirio pamoja na NNLL (hesabu za ngazi za juu zaidi), na uchukue pia mashaka yake.

Delphes ni kitambuzi kilichorahisishwa. Kabla ya kuiamini kwa gluino, izalishie kwaki t jozi na ulinganishe na kwaki t jozi za CMS zilizopita kwenye uigaji kamili wa Geant4: MET, idadi ya jeti, idadi ya jeti za b. Rekebisha ufanisi wa alama ya b na mrundikano wa migongano, ambao mwaka 2016 ulikuwa wastani wa karibu 25 kwa kila kupishana, mpaka michoro miwili ikubaliane ndani ya asilimia 10 hivi katika maeneo utakayotumia. Tofauti inayobaki iandike kama shaka la kimfumo.

Kusafisha na kuchagua

MET ni jalala la makosa yote ya kitambuzi. Seli moja ya kalorimita ikipiga kelele, MET inapanda. Chembe zinazosafiri pembeni ya mkondo na kupiga kitambuzi kutoka nje huleta MET inayolala karibu na φ (pembe ya kuzunguka mkondo) ya sifuri au π. Kwa sababu hiyo CMS imeweka alama za uchujaji: Flag_goodVertices, Flag_globalSuperTightHalo2016Filter, Flag_HBHENoiseFilter, Flag_HBHENoiseIsoFilter, Flag_EcalDeadCellTriggerPrimitiveFilter, Flag_BadPFMuonFilter na Flag_eeBadScFilter. Zitumie zote kwenye data. Chora φ ya MET kabla na baada; baada ya kusafisha inapaswa kuwa karibu tambarare. Kwa uigaji wa 2016 zidisha pia kwa L1PreFiringWeight_Nom, kwa sababu mwaka huo triga ya kalorimita ilikuwa ikiwahi kwa mpishano mmoja kwa baadhi ya jeti za mbele, na matukio hayo yakapotea kwenye data lakini si kwenye uigaji.

Uchaguzi wa msingi ambao CMS imeutumia kwa miaka mingi katika utafutaji wa jeti na MET bila leptoni unafaa kuigwa karibu kama ulivyo. Jeti ziwe na momenta ya mkingamo zaidi ya GeV 30 na |η| (kipimo cha pembe kutoka kwenye mkondo) chini ya 2.4. HT, yaani jumla ya momenta za jeti hizo, izidi GeV 300. MET izidi GeV 300 na isizidi HT. Kataa tukio lenye elektroni au myuoni iliyotengwa (isiyo na chembe nyingine jirani) ya zaidi ya GeV 10. Kataa pia lenye njia moja iliyotengwa ya chembe yenye chaji, maana hiyo mara nyingi ni tau au leptoni iliyokosa kutambuliwa. Pembe kati ya MET na jeti mbili za kwanza izidi radiani 0.5, na kati yake na ya tatu na ya nne izidi 0.3. Kwa mfano wetu ongeza sharti la jeti nne.

Kwa nini GeV 300? Triga ya HLT_PFMET120_PFMHT120_IDTight inaanza kukubali kwa GeV 120 kwa kipimo chake cha haraka, ila kipimo hicho si sahihi kama chako, na ufanisi haufiki kilele mpaka karibu GeV 250. Upime mwenyewe: chukua matukio kutoka SingleElectron, ambako triga ya elektroni haikujali MET, kisha kwa kila kipande cha MET hesabu sehemu iliyopita pia triga ya MET. Ukiupima ndani ya seti ya MET yenyewe utapata asilimia 100 kila mahali, na namba hiyo haina maana.

Baada ya hapo gawa matukio. Vipande vitatu vya MET (300 hadi 500, 500 hadi 750, zaidi ya 750), vinne vya jeti za b (0, 1, 2, 3 na zaidi), viwili vya idadi ya jeti (4 hadi 5, 6 na zaidi): jumla maeneo 24, tutakayoyaita pia vyumba. CMS ilipotumia data zote za 2016 hadi 2018 ilikuwa na maeneo 174, lakini kwa femtobani kinyume 16.4 ukigawa kiasi hicho utakuwa na vyumba vitupu ambavyo usuli wake huwezi kuupima.

Mpaka hapa usifungue maeneo ya ishara kwenye data. Weka sharti kwenye msimbo linalozuia kuyachora. Sababu ni ya kitaalamu: anayeona namba huanza kusogeza vizingiti kuifuata, hata asipokusudia.

Usuli

Hapa ndipo pa kutumia miezi. Usuli wa kwanza ni leptoni iliyopotea: kwaki t au W imetoa leptoni na nyutrino, nyutrino imeleta MET ya kweli, na leptoni imeanguka nje ya eneo la kupimwa, haikutengwa vya kutosha, au ilikuwa tau iliyovunjika kuwa jeti. Usiuchukue moja kwa moja kutoka uigaji, kwa sababu uigaji wa W yenye jeti sita na MET ya GeV 700 haujawahi kuwa wa kutegemewa. Tengeneza eneo la udhibiti: masharti yaleyale yote, ila badala ya kukataa leptoni, dai elektroni au myuoni moja. Dai pia tungamo la mkingamo la leptoni na MET, yaani √(2·pT·MET·(1−cosΔφ)), liwe chini ya GeV 100. W halisi huishia karibu na GeV 80, ilhali ishara ya gluino yenye leptoni husambaa juu zaidi, kwa hiyo sharti hili linaizuia ishara isichafue udhibiti wako.

Kisha kwa kila chumba: utabiri ni idadi ya data katika udhibiti mara uwiano wa uigaji kati ya sifuri-leptoni na moja-leptoni. Ukiwa na matukio 40 na uwiano 0.8, utabiri ni 32, na shaka la takwimu peke yake ni karibu 5. Uzuri wa njia hii ni kwamba makosa ya uigaji kuhusu jeti na MET yanafutana juu na chini. Yanayobaki ni yale ya ufanisi wa leptoni, na hayo hupimwa vizuri kwa Z.

Chumba chenye sifuri kwenye udhibiti hakimaanishi usuli ni sifuri. Kipimo cha Poisson kwa matukio sifuri kinafika hadi karibu 1.84 kwa kiwango cha asilimia 68. Zidisha hiyo kwa uwiano uweke kama shaka la juu. Ugunduzi bandia mwingi huzaliwa katika vyumba vya namna hii: data mbili, usuli "0.0", na shangwe.

Usuli wa pili ni Z kwenda nyutrino. Huu hauna alama yoyote ya kuukataa. Ni jeti na MET halisi, sawasawa na ishara. Upime kupitia ndugu zake wanaoonekana. Chukua Z kwenda myuoni mbili, zenye tungamo la pamoja kati ya GeV 76 na 106, zifute myuoni hizo kwenye hesabu na uongeze momenta yao kwenye MET. Z huvunjika kuwa nyutrino asilimia 20 ya wakati na kuwa myuoni mbili asilimia 3.4, kwa hiyo kila tukio la myuoni, baada ya kusahihishwa kwa ufanisi, linasimama mahali pa karibu 6 ya nyutrino. Kwa MET kubwa utaishiwa myuoni haraka. Hapo tumia fotoni na jeti: fotoni yenye momenta kubwa kuliko tungamo la Z huenenda karibu kama Z, na ni nyingi zaidi. Umbo la mgawanyo lichukue kutoka fotoni, kiwango kisahihishe kwa myuoni.

QCD ni ndogo baada ya masharti ya pembe, lakini ni hatari kwa sababu inatoka kwenye mkia. Jeti ya GeV 800 ikipimwa kuwa GeV 400, MET ya GeV 400 inazaliwa na kulala sambamba na jeti hiyo. Geuza sharti la pembe: matukio ambayo MET iko karibu na jeti ni QCD kwa wingi. Pima uwiano wa pembe kubwa kwa pembe ndogo katika MET ya 200 hadi 300, ukitumia JetHT, kisha utumie juu. Katika JetHT kumbuka kwamba triga za HT ndogo huchukua tukio moja kati ya mengi, na kila tukio lazima lizidishwe kwa kiasi hicho.

Kabla ya kufungua chochote, thibitisha. Weka eneo la uhakiki, mfano MET ya 250 hadi 300, fanya utabiri wote kama kwamba ni eneo la ishara, kisha tazama data. Kwa kila chumba gawa tofauti ya data na utabiri kwa shaka la pamoja. Mgawanyo uwe na wastani karibu na sifuri na upana karibu na 1. Upana wa 0.4 unamaanisha umejipa mashaka makubwa kupita kiasi, na ishara itajificha ndani yake. Upana wa 1.8 unamaanisha umesahau shaka fulani, mara nyingi la nishati ya jeti: sogeza nishati za jeti juu na chini kwa kiwango kilichotolewa na CMS, uhesabu kila kitu upya, pamoja na MET, maana MET nayo hubadilika jeti zinapobadilika.

Kusoma matokeo

Wengi hukadiria nguvu ya ishara kwa s/√b. Fomula hiyo inadanganya idadi ikiwa ndogo. Kwa ishara 9 na usuli 4 inakupa sigma 4.5. Fomula sahihi zaidi, √(2[(s+b)·ln(1+s/b) − s]), inatoa 3.6. Na usuli ule ukiwa na shaka la asilimia 50, yaani 4 ± 2, nguvu inashuka hadi karibu 2.2. Kutoka 4.5 hadi 2.2 kwa data zilezile: ndiyo sababu miezi imetumika kwenye usuli.

Kwa hesabu rasmi tumia pyhf, maktaba ya Python ya takwimu. Andika faili ya JSON yenye maeneo ya ishara na ya udhibiti kwa pamoja, ili usuli upatikane kutoka data wakati wa kulinganisha. Kiwango cha ishara ni μ, ambapo 1 ni supasimetri kama ulivyoiiga na 0 ni kutokuwepo kwake. Ongeza mashaka: luminositi (asilimia 1.2 kwa CMS 2016), nishati ya jeti, ufanisi wa alama ya b, takwimu za uigaji, triga, na uwezekano wa kutokea. Mpaka wa asilimia 95 uupate kwa njia ya CLs, ambayo hugawa uwezekano wa ishara pamoja na usuli kwa ule wa usuli peke yake. Bila mgawanyo huo, data zikishuka kwa bahati chini ya usuli, utaondoa hata ishara ambazo utafutaji wako haukuwa na uwezo wa kuziona. Fomula za mkato za pyhf zinafaa matukio yakiwa mengi. Kwa vyumba vyenye chini ya matano hivi, rusha majaribio bandia elfu kadhaa ulinganishe.

Rudia kwa gridi ya tungamo: gluino kutoka 1000 hadi 2200 kwa hatua za 100, neutralino kutoka 0 hadi karibu na gluino. Chora mstari ambapo mpaka wa juu wa μ ni 1. Kadiria matarajio mapema ili usishangae: ikiwa chumba kikali hakina tukio lolote, mpaka wa asilimia 95 ni matukio 3. Kwa ufanisi wa asilimia 10, 3 gawanya kwa 1.64 ni femtobani 1.8 hivi. Gluino ya TeV 2, yenye femtobani 1, iko nje ya uwezo wako. Ukipata mpaka wa TeV 2.3 kwa data hizi, kuna kosa, na mara nyingi liko kwenye uzani wa ishara.

Data zikizidi usuli

Usitangaze. Desemba 2015 ATLAS na CMS zote zilionyesha ziada ya fotoni mbili karibu na GeV 750. Kufikia Agosti 2016 data zaidi zilikuwa zimeifuta. Ziada ile ilikuwa ya kawaida kwa takwimu ukihesabu sehemu zote ambako ingeweza kutokea. Ukiwa na maeneo 24, moja kuzidi kwa sigma 2 ni jambo la kutarajiwa. Rusha majaribio bandia ya maeneo yote 24 na uulize ni mara ngapi lililo baya kuliko yote linazidi ulichokiona.

Kisha tazama tukio moja moja. Je, yametawanyika katika φ, au yamerundikana mahali pamoja kwenye kitambuzi? Yametoka katika zamu nyingi au siku mbili? Kuna jeti moja inayobeba karibu MET yote upande wa pili, yenye sehemu isiyo ya kawaida ya nishati ya kalorimita? Ziada iko pia kwenye vyumba jirani, kwa uwiano ambao uigaji wa gluino unautabiri, au imesimama peke yake? Gluino halisi haijui mipaka ya vyumba ulivyochora. Ikijaza chumba cha b tatu, lazima imwagike pia kwenye b mbili.

Ziada ikibaki baada ya hayo, kuna kitambuzi cha pili. Mwaka 2024 ATLAS ilitoa data zake za utafiti za 2015 na 2016, femtobani kinyume 36, katika muundo wa PHYSLITE, kwenye lango lilelile. Peleka masharti yaleyale huko bila kusogeza hata kizingiti kimoja, hesabu upya usuli kwa maeneo ya udhibiti ya ATLAS yenyewe, na tarajia ishara mara mbili na kidogo ya ile uliyoiona kwenye CMS.